Chini ya Mstari wa Nyuzi

Zuhura alinipigia simu Jumamosi moja nikimpimia mteja lesi dukani kwangu hapa Githurai 45, na hata salamu hakuimaliza. Aliniambia mkono wa mamake umekataa kutulia. Mama Zuhura alikuwa amepofuka mwaka uliopita, na akili yake siku hizo ilikuwa inakuja na kwenda, lakini hilo walishalizoea pale nyumbani kwao Murera. Walichoshindwa kuzoea ni huo mkono wa kulia. Tangu juzi alikuwa anaketi kitandani, anaunyoosha mbele, anakunja kidole, anavuta kitu kisichoonekana, anaachilia, kisha anaunyoosha tena. Daktari alikuwa amempa vidonge akalala, na mkono ukaendelea akiwa usingizini. Na kila mara alikuwa akiita, "Wa nyuma, leta." Wajukuu walikataa kuingia chumba hicho, wakisema nyanya anaongea na mtu aliyesimama nyuma ya neti. Zuhura akaniuliza, "Anti Wangechi, si mlifanya kazi pamoja kiwandani? Unamjua huyo wa nyuma ni nani?" Nikamwambia nitakuja kesho. Sikumwambia ni mimi. Nilikata simu, nikapima lesi ile ile mara ya pili, na yule mteja akaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Sitawachosha na nilikotoka wala nilikuwa mtoto wa ngapi kwetu. Mambo hayo hayakunifanya nilivyo. Kilichonifanya nilivyo ni mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, mwaka ule mitumba ilikuwa imeanza kumwagika sokoni na viwanda vya nguo vya Thika vinapumua kwa shida, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, kibarua katika kimojawapo. Leo kiwanda hicho ni stoo ya mbolea. Nimepita hapo mara nyingi na sijawahi kugeuza shingo.

Kazi yetu watu wengi hawajui iko. Kabla kitambaa hakijafumwa, nyuzi zake za urefu huzungushwa kwenye gogo kubwa la chuma ambalo sisi tuliliita bimu. Kila uzi, na ni maelfu, lazima upitishwe kwa mkono ndani ya kijitundu cha waya, kila mmoja na tundu lake, kwa mpangilio usiokosewa, ndipo mashine iweze kufuma. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili wanaoketi wakitazamana bila kuonana. Wa mbele ana kiti kirefu na ndoano, chuma chembamba chenye ncha iliyopinda. Anaisukuma kwenye tundu, inatokea upande wa pili. Wa nyuma anakaa kwa kigoda kifupi, nyuzi zikishuka juu ya kichwa chake kutoka kwa bimu, anachagua uzi mmoja, anautia kwenye ndoano, na ndoano inarudi nao. Mimi nilikuwa wa nyuma. Taa ilitundikwa upande wangu ili nione uzi ninaoshika, kwa hiyo mbele yangu niliona ukuta mweupe wa nyuzi na giza nyuma yake, na kutoka kwenye giza hilo ndoano ikija na kurudi, ikija na kurudi, kutwa nzima. Miezi ya kwanza niliiota. Mama Zuhura nilimjua kwa ile ndoano kabla ya kuujua uso wake vizuri.

Alikuwa Mnubi wa Majengo, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, na alikuwa amefanya kazi ile tangu mimi nikiwa mtoto wa shule. Hakuwa na tabia ya kukemea. Nikimpa nyuzi mbili zilizogandamana kwa ule wanga waliozipaka, alikuwa anagonga fremu inayoshikilia matundu mara mbili kwa ndoano, ti-ti, nami nazitenganisha. Na alikuwa na desturi aliyorithi kwa waliomtangulia, ambayo wote pale tuliishika. Ukiinuka katikati ya kazi, hata kama unaenda tu kunywa maji, wa mbele anachukua uzi unaofuata na kuufunga kwa mguu wa kiti chake. Tuliuita uzi wa kurudi. Siku ya kwanza nilimcheka. Akaniambia kwa ule upole wake, "Usipofunga, kazi itajitafutia mtu mwingine." Nilifikiri anasema juu ya vibarua waliojaa getini kila asubuhi wakingoja nafasi. Ngai, nilikuwa mjinga.

Nilikuwa nimepanga chumba Ruiru, cha mbao, sufuria mbili na stovu ya mafuta, na kila jioni basi la kampuni lilinishusha hapo nikiwa na nyuzinyuzi kwenye nywele kama bibi mzee. Jirani yangu, ukuta mmoja tu katikati, alikuwa karani wa ofisi ya wafanyakazi pale pale kiwandani. Tulimwita Fadha kwa sababu alisomea upadre seminari akaachia njiani, na hakuna aliyejua kwa nini. Alikuwa anapika githeri ya kula siku tatu na kunigawia kibakuli, kisha anarudi kwake, nami nikila namsikia kupitia mbao akinong'ona Kilatini peke yake. Hakuwa anasali. Alikuwa anasema neno moja, ananyamaza, analivunja vipande, anasema kila kipande, kama mtu anayechambua mchele. Nilimuuliza siku moja anafanya nini. Akasema maneno yana mifupa, na yeye kitu alichobaki nacho kutoka seminari ni kuitafuta mifupa hiyo. Nikamwambia aki Fadha, wewe tafuta bibi. Alicheka sana, lakini usiku wangu na mifupa hiyo upande wa pili wa ukuta haukuwa mtamu.

Mwezi wa tano wa mwaka ule nilijua nina mimba. Aliyenipa alikuwa ameshahamia Nakuru bila kuacha anwani, na sitampa nafasi zaidi ya hiyo katika maandishi haya. Kibarua mjamzito akionekana tumbo alikuwa haitwi tena getini, basi, hapakuwa na barua wala kwaheri. Kwa hiyo nilijifunga leso kwa nguvu, nikatapika chumbani kwangu alfajiri kabla ya basi, nikaketi kwa kigoda changu kana kwamba hakuna kitu. Niliona nimeficha vizuri. Ilikuwa mojawapo ya asubuhi hizo, kichwa kinazunguka, jasho baridi, ukuta wa nyuzi unapanda na kushuka machoni, nilipompa Mama Zuhura nyuzi mbili kwa moja. Nilizihisi vidoleni zikiondoka. Nilingoja ti-ti. Haikuja. Ndoano ilikaa kidogo, kisha ikarudi gizani na nyuzi zote mbili, nami nikashukuru kwamba hakuona.

Uzi mmoja wa ziada ni kitu kidogo sana mpaka mashine ianze kufuma. Ulitoka mstari mnene katikati ya shuka za hospitali, kutoka mwanzo wa roli hadi mwisho, roli baada ya roli, na hakuna aliyegundua mpaka mteja aliporudisha mzigo wote. Kadi ya bimu ilikuwa na majina yetu mawili. Supavaisa, bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni, alimwita Mama Zuhura akamwambia aandike ni nani kati yetu aliyekosea. Mama Zuhura akasema kazi ile ni ya watu wawili. Akaambiwa anajua hivyo, lakini kosa ni la mtu mmoja, aandike jina. Akasema hataandika. Siku ya pili akaambiwa tena, na jibu likawa lile lile. Haya yote niliyasikia kwenye foleni ya chai, kwa wanawake wa idara ya kukunja, waliokuwa wakininyamazia nikifika. Yeye mwenyewe hakuniambia neno. Alinipa nusu ya mandazi yake kama kila siku na kuniambia nile.

Sasa nifike pale ambapo hata mwanangu huwa ananiangalia kwa jicho la upande nikisimulia. Ilikuwa siku ya tatu. Tulikuwa tumeanza bimu nyingine, asubuhi ya kawaida, mashine za chumba cha pili zikinguruma mpaka sakafu inatetemeka, usikii mtu hata akipiga kelele. Kwenye chai ya saa nne sikumwona, nikadhani ametangulia kurudi; niliketi, na ndoano ikaja. Nikatia uzi. Ikarudi. Niliingia kwenye ule mwendo wa kazi ambao mtu anasahau ana mwili, na nakumbuka nilijiambia leo Mama Zuhura ana mkono mwepesi. Karibu na adhuhuri vidole vyangu vilichoka nikampa nyuzi mbili zilizogandamana, na fremu ikagongwa, ti-ti. Nikazitenganisha, nikampa moja. Niliona hata aibu, nikasema kwa sauti, "Pole, mama." King'ora cha chakula kikalia. Ndoano haikuja tena. Nikajinyoosha mgongo, nikazunguka fremu ili twende kula.

Kiti kilikuwa kitupu. Leso yake aliyoikalia ilikuwa imekunjwa hapo, na ndoano imelazwa juu yake. Nikaishika leso, ilikuwa baridi. Mama wa kufagia alikuwa amesimama kando akila ndizi, nikamuuliza Mama Zuhura ametoka saa hii? Akanitazama kama nimelewa, akasema, "Si walimchukua kabla ya chai? Askari wawili. Hata kufunga uzi hakuachwa." Nikaangalia mguu wa kiti, na kweli hapakuwa na uzi. Nikaangalia fremu. Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa imepita kwenye matundu yake, safi, hakuna kosa moja. Niliuliza kila mtu idara ile nani aliketi pale, na hakuna aliyeketi. Nimekuwa na miaka mingi ya kujitafutia maelezo. Nimesema labda kuna mtu aliketi akaogopa kusema. Nimesema labda nilikuwa mgonjwa, mimba ina mambo yake. Lakini zile nyuzi zilipita, na mimi ndimi niliyezitoa, na mpaka leo sijui nilikuwa nampa nani.

Nilikimbilia ofisi ya wafanyakazi. Nilikuwa nimeamua, nasema kweli, nilikuwa nimeamua kusema. Fadha alikuwa peke yake saa hiyo ya chakula, na barua ilikuwa kwenye taipu mbele yake. Akanionyesha bila kuniuliza nimefuata nini. Niliona jina la Mama Zuhura, na chini yake neno moja refu la Kiingereza, insubordination, lililochukua karibu nusu ya mstari. Nilimuuliza maana yake. Mtu mwingine angesema ni ukaidi kwa wakubwa, yakaisha. Fadha akavua miwani, akalichambua hapo hapo kwa ile sauti yake ya kupitia ukutani.

"Sub ni chini," akasema. "Ordo, hiyo ni safu, mstari, watu waliopangwa kila mmoja mahali pake. Askari, mapadre, makarani. Ndiyo maana subordinate ni mtu wa chini, aliyewekwa chini ya safu. Lakini mwalimu wetu alituambia ordo ni neno la zamani kuliko vyeo. Kabla ya askari lilikuwa la wafumaji. Lilikuwa mstari wa nyuzi kwenye mtambo wa kufuma." Akanitazama. "Hiyo in ya mbele ni kukataa. Kwa hivyo wanamfukuza kwa kukataa kukaa chini ya mstari wa nyuzi. Miaka minne nilisoma Kilatini, Wangechi, na kazi yake imekuwa hii."

Nikalitazama tena lile neno. Mimi ndiye niliyekaa chini ya mstari wa nyuzi. Kila siku ulinipita juu ya kichwa. Ilikuwa kana kwamba neno lile lilitoka huko mbali lilikotoka, likavuka watu wengi na vyeo vingi, likafika Thika likinitafuta mimi, likakosea kiti. Fadha akasema polepole kwamba barua inangoja tu sahihi ya meneja saa kumi. Mtu akija kabla ya hapo akasema kosa ni lake, yeye mwenyewe ataichana. Hakuniuliza kama ni mimi. Nafikiri alijua, mbao zile zilikuwa nyembamba na alinisikia nikitapika kila asubuhi. Nilifungua mdomo. Niliweka mkono tumboni, juu ya ile leso iliyonibana. Kisha nikasema asante, Fadha, nikarudi kukaa kwa kigoda changu mbele ya fremu isiyo na mtu, na saa kumi ikafika nikiwa hapo.

Jioni basi lilipotoka getini Mama Zuhura alikuwa amesimama nje ya kibanda cha askari, bila leso yake, ameshika mfuko wa plastiki. Aliinua mkono. Mimi nikainama kana kwamba nimeangusha kitu. Nilikuwa mwoga, na sina jina lingine la kuipamba hiyo. Sikumwona tena kwa miaka mingi.

Baada ya wiki moja walinipandisha niwe wa mbele, kwa kuwa hakukuwa na mwingine anayejua mpangilio. Walifikiri wamenipa heshima. Nilipanda kile kiti kirefu, nikakalia leso yake, msichana mpya akaketi nyuma, taa ikawashwa upande wake, nikainua macho. Na nikamwona. Nilimwona wote, uso, shingo, vidole, chunusi moja kwenye kidevu, kama nipo naye meza moja. Ukiwa nyuma, penye taa, unaona nyuzi tu. Ukiwa mbele, gizani, unaona kila kitu. Kwa hiyo Mama Zuhura alikuwa ameniona kila siku. Aliniona nikibadilika rangi, aliniona nikijifunga, alijua kabla ya kila mtu. Na asubuhi ile aliziona nyuzi mbili mkononi mwangu, akaona na uso wangu, akaacha kugonga. Fremu ikigongwa mara nyingi supavaisa alikuwa anakuja kuangalia kuna nini, na angenikuta katika hali ile. Nilishuka kwenye kiti nikaenda choo nikalia mpaka nikakosa pumzi. Nilikaa kiwandani mpaka tumbo likakataa kufichika, wakati huo nikiwa na akiba ya kujifungulia. Kila nilipoinuka nilifunga uzi kwa mguu wa kiti, mara mbili.

Nilikutana na Zuhura miaka mingi baadaye akinunua lesi kwangu, tukajuana, nikawa namtumia mamake salamu na vitambaa, na kila mara nikipata sababu ya kutofika Murera. Mpaka hiyo Jumapili. Mwanangu Kimani alinipeleka kwa gari lake, akabaki uani na wajukuu akipewa chai. Zuhura alinipokea mlangoni, na kabla hatujaingia akaniambia kitu kimoja kilichokuwa kinamsumbua. Mkono huu, akasema, haukuanza juzi. Mamake alikuwa amewahi kuwasimulia kwamba siku aliyofukuzwa walimketisha kwa benchi ndani ya kibanda cha getini kuanzia kabla ya chai mpaka jioni, na mikono ilikataa kunyamaza. Ilivuta tu, na mara moja kidole kikagonga benchi mara mbili, hata askari wakamcheka wakasema mama amechanganyikiwa. Nilishika mwimo wa mlango. Zuhura akaniuliza kama nataka maji, nikamwambia aniletee uzi, uzi wowote.

Chumba kilikuwa kidogo, kina harufu ya udi, dirisha limefunikwa na pazia la kijani. Mama Zuhura aliketi kitandani ndani ya neti, amekuwa mdogo, macho meupe yanatazama mahali pangu hasa. Mkono ulitoka chini ya neti, kidole kikapinda. "Wa nyuma," akasema, "leta." Nikavuta kigoda, nikaketi. Nikakata uzi kwa meno, nikautia kwenye kile kidole, na kidole kikarudi nao. Nikatia mwingine. Tulifanya hivyo muda mrefu, mimi na yeye, nyuzi zikirundikana kwenye paja lake. Hofu haikuniisha, ila mikono yangu ilijua kazi. Kisha nikalowesha nyuzi mbili kwa mate, nikazisokota ziwe kitu kimoja, nikampa. Mkono ukasimama. Ukagonga ubao wa kitanda, ti-ti.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Zile shuka. Ni mimi niliyekupa mbili, na nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema. Walikufukuza kwa ajili yangu. Naomba unisamehe."

Vidole vyake vilizipapasa zile nyuzi. Nje nilimsikia Kimani akicheka na watoto. Mama Zuhura akageuza kichwa kuelekea kile kicheko.

"Mtoto?" akauliza.

"Ndiye huyo."

Akasikiliza. Kisha akazitenganisha zile nyuzi mbili kwa ukucha, akaachia mmoja, na ule mwingine akauzungusha kwenye kidole changu, akafunga kwa mkono mmoja, lile lile fundo la uzi wa kurudi. "Haya," akasema. "Chakula kimeiva, twende tukale." Mkono wake ukalala juu ya wangu na haukusogea tena. Nikakaa hapo na uzi kidoleni mpaka Zuhura akaleta pilau.